Kabla uende kufoka kwa baraza, omba BQ kwanza

Watu wengi hapa Nakuru wakiskia pesa ya wadi imeliwa wanangoja baraza, mtu anashika maiki anafoka weee, mheshimiwa anaahidi ataangalia, makofi yanapigwa na hapo imeisha. Mimi nasema itisha karatasi. Ile ya vipimo na bei, makontrakta huita BQ, ndio inaonyesha kazi ilitakiwa iwe aje na kila kitu ni pesa ngapi.

Barabara ya mtaa wetu iliwekwa maramu na kwa macho ilikuwa safi kabisa. Tukapata BQ, imeandikwa maramu milimita 150 ikishashindiliwa, tukachimba kidogo pembeni na katikati, fundi mmoja jirani akatoa tepu akapima, kuna mahali hata 80 haifiki, na karavati zimeandikwa mbili tukaona moja. Tulipeleka picha na vipimo ofisini na hakuna mtu alituita wapinzani, maana utabishana aje na tepu? Kontrakta akarudishwa kazini kabla alipwe pesa ya mwisho. Hiyo "kabla" ishike sana, pesa ikishatoka kuirudisha ni shughuli.

Na kuipata sio kubembeleza mtu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema unaandika ombi kwa Kiingereza ama Kiswahili, hulazimiki kueleza unaitakia nini, na ofisi iko na siku 21 kukujibu. Kama ni mzee hajui kuandika, afisa ndio anatakiwa amwandikie. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ubaki nayo, la sivyo utaambiwa barua haikufika. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman. Makarani wa chini usiwachukie bure, wengi wanajua kazi mbovu iko wapi na barua yako inawapa sababu ya kutoa faili.

Kitu inaniuma zaidi ni majengo. Zahanati imekwama kwa linta, pale juu ya madirisha, nyasi imemea ndani, na mwaka unaofuata wadi hiyo hiyo inaanzishiwa ingine mpya kwa sababu kukata utepe kuna picha na kumalizia hakuna. Kama unataka ya zamani imalizwe kwanza, usingoje Juni, bajeti imeshapikwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 na makadirio Aprili 30, kwa hivyo mwezi wa nane ndio wa kuandika, taja jengo kwa jina na imebaki nini, mabati, madirisha, stima.

Pia soma ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, zinatoka kila robo mwaka na kila kaunti iko na sehemu yake. Anzia pale pa safari na marupurupu, halafu linganisha na pesa ya maendeleo iliyotumika miezi hiyo hiyo, na hizo kurasa mbili ndio ubebe ukienda kuonana na MCA wako, yule mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti.