Maswali ya Wasomaji: Kusomesha Kiingereza na Kujifunza Kung Fu Nchini China

SWALI: Maalim, assalaamu alaykum. Mimi ni kijana wa Wete, nina shahada ya ualimu na ninasomesha Kiingereza katika skuli ya sekondari, na usiku baada ya sala ya isha tunakutana vijana wa mtaani kufanya mazoezi ya karate. Nimesoma habari za Mmarekani mmoja aliyekwenda China miaka ya 1980 kusomesha Kiingereza, na huko huko akapata bingwa wa kung fu aliyekubali kumfunza. Tangu hapo sina raha. Ikiwa yeye aliweza kwa Kiingereza chake, na mimi Kiingereza ninacho. Yupo wakala aliyeniahidi kunipatia viza ya mwanafunzi, kisha nisomeshe watoto wa Kichina nyakati za jioni kwa malipo mazuri. Mama yangu anakhofia chakula cha huko, na tena ameambiwa kwamba mwanafunzi wa kung fu humsujudia mwalimu wake. Naomba unishauri. — Msomaji wa Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Sina budi kuanza na huyo wakala, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kukuponza kabla hujatia mguu katika uwanja wa mazoezi. Viza ya mwanafunzi nchini China ni ya kusomea, na mwenye nayo haruhusiwi kufanya kazi ya malipo bila ya idhini ya chuo chake na ya mamlaka ya uhamiaji. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi kinyume cha utaratibu faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15, na anaweza kurejeshwa kwao. Siku hiyo wakala wako hutamuona, na fedha zako zitakuwa zimeshaliwa. Isitoshe, Julai 2021 serikali ya China iliibana kwa nguvu biashara ya masomo ya ziada kwa watoto wa skuli na vituo vingi vya Kiingereza vikafungwa, kwa hiyo hata hiyo kazi ya jioni anayokuahidi ni bidhaa iliyokwisha muda wake.

Njia ya halali ipo, nayo ni viza ya kazi, ile inayoandikwa herufi Z, pamoja na kibali cha kazi kinachoombwa na mwajiri kabla hujaondoka kwenu. Masharti yake ya kawaida ni shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi wa miaka 2 au cheti cha kusomesha lugha, cheti cha polisi cha kuonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu, na vipimo vya afya. Yote hayo unaweza kuyatimiza. Linalokukwamisha ni sharti jengine, kwamba mwalimu wa lugha ya kigeni kwa kawaida atoke katika nchi ambayo lugha hiyo ndiyo lugha ya mama ya wananchi, na kwa Kiingereza nchi zinazokubaliwa bila ya maswali ni kama Marekani, Uingereza, Ireland, Canada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Sioni uadilifu katika kumpima mwalimu kwa pasipoti yake, maana wewe umesomea ualimu na unaijua sarufi ya Kiingereza kwa kuifundisha, ambapo kijana wa Kimarekani anaweza kuwa anaizungumza tu bila ya kujua kuieleza. Lakini karani wa kibali cha kazi hasikilizi malalamiko ya gazeti letu, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa Wete kuliko kulijua ukiwa Guangzhou.

Sasa tumtazame huyo Mmarekani, kwa sababu nahisi umeikamata habari yake kwa upande usiokufaa. Anaitwa Mark Salzman. Alimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1982, na alichokisomea huko kilikuwa lugha na fasihi ya Kichina. Tangu utotoni alikuwa akifanya mazoezi ya kung fu kwao Marekani. Mwaka huo huo wa 1982 alipelekwa Changsha, mji mkuu wa mkoa wa Hunan, kusomesha Kiingereza katika chuo cha udaktari, na akakaa huko hadi mwaka 1984. Wanafunzi wake wengi hawakuwa watoto, bali madaktari na walimu watu wazima ambao walihitaji Kiingereza kwa ajili ya kazi zao. Hapo ndipo alipokutana na Pan Qingfu, bingwa wa wushu (ndivyo Wachina wenyewe wanavyoziita ngumi zao, hizo tunazoziita kung fu) mwenye sifa kubwa nchini mwao, naye Pan alikuwa akitaka kujua Kiingereza. Wakapeana: huyu akatoa lugha, yule akatoa ngumi.

Utaona kwamba alipofika Changsha alikuwa tayari anakizungumza Kichina, na mwili wake ulikuwa umeshazoea mazoezi kwa miaka mingi. Utaona pia kwamba alifika wakati China imetoka kufungua milango yake baada ya mageuzi yaliyoanza mwaka 1978, na mgeni mwenye Kiingereza alikuwa adimu na akitafutwa na kila mtu. Siku hizi hali ni nyengine kabisa. Kiingereza kinasomwa na mamilioni ya watoto wa Kichina tangu wakiwa wadogo, na katika mtihani wa taifa wa kuingilia vyuo vikuu kina alama 150, sawa na Kichina chenyewe na sawa na hesabu. Ukipita asubuhi katika viwanja vya vyuo vyao utawakuta wanafunzi wamesimama chini ya miti, kila mmoja na kitabu chake, wakisoma Kiingereza kwa sauti. Walimu wao wenyewe wa somo hilo wamejaa. Ukienda China na Kiingereza chako utakuwa unapeleka samaki Mkoani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uiache bidhaa ya Salzman na uchukue ya kwako. Wewe ni mtu wa Pemba, na lugha uliyoinyonya kwa mama yako inasomeshwa katika vyuo vikuu vya China tangu miaka ya 1960, vikiwamo Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing na Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China. Redio China Kimataifa ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na wenzetu wa Unguja na Bara wameshakaa kule wakifanya kazi katika idhaa hiyo. Sharti lile lile linalokufungia mlango wa Kiingereza ndilo linalokupa nafasi katika Kiswahili, kwani hapo mwenye lugha ni wewe na Mmarekani ndiye atakayeulizwa maswali. Sitaki nikudanganye kwamba nafasi hizo ni nyingi; ni chache, hutolewa kwa mikataba ya vyuo, na mara nyingi hutakiwa shahada ya pili. Kwa mwalimu wa lugha aliye kijana kama wewe, kuitafuta hiyo shahada ya pili si kupoteza wakati.

Njia nyepesi zaidi ya kuanzia ni ufadhili wa masomo wa serikali ya China, ambao Watanzania wengi wameupata. Mwanafunzi asiyejua Kichina kwa kawaida hupewa mwaka mmoja wa lugha kabla ya kuanza somo lake, na vipo vyuo vya michezo, kama vile Chuo Kikuu cha Michezo cha Beijing, ambavyo wushu ndani yake ni taaluma ya kusomewa hadi shahada. Ukiwa huko kwa viza yako ya mwanafunzi, usisomeshe kwa malipo. Lakini kukaa na mwanafunzi wa Kichina anayesoma Kiswahili, wewe ukamsahihisha ngeli zake naye akakusahihisha sauti za Kichina, ni urafiki tu, na hivyo ndivyo mgeni anavyofikia kujulishwa kwa mtu anayemjua mwalimu mzuri. Milango ya walimu wa aina ya Pan haifunguliwi kwa tangazo.

Shaolin nayo, lile hekalu mashuhuri kwa kung fu, sitaiacha, kwa sababu najua utaniuliza. Hekalu lenyewe lipo Dengfeng katika mkoa wa Henan, na pembezoni mwake zimejaa skuli za binafsi za kung fu, ambazo moja kati ya kubwa zake, Tagou, ilianzishwa mwaka 1978 na ina maelfu kwa maelfu ya wanafunzi wa bweni. Baadhi ya skuli za huko hupokea wageni kwa ada. Kabla hujatuma hata senti, uliza kama skuli hiyo ina mamlaka ya kumwombea mgeni viza ya masomo. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, achana nayo.

Mazoezi yenyewe yatakushangaza kwa ufukara wake. Wanaoanza huwekwa katika kikao kiitwacho mabu: miguu imeachana kuliko upana wa mabega, mapaja yamelala sambamba na ardhi, mgongo wima, ngumi mbili zimekaa kiunoni, na macho mbele. Dakika ya kwanza mtu hujiona shujaa. Ya pili mapaja huanza kutetemeka bila ya kuombwa, jasho likadondoka kutoka kidevuni, na mwalimu akipita nyuma hakupi pole, hukubonyeza bega ushuke zaidi. Baada ya vikao kama hivyo ndipo hufuata mfululizo mfupi wa mikao mitano ambao kila mwanafunzi wa wushu hupitia, na mengine huja baadaye sana. Karate yako itakusaidia pumzi na miguu, ila itakuletea ubishi wa mabega, kwa sababu wushu hutaka mkono utoke mrefu na laini pale ambapo umezoea kuukaza.

Ama khofu ya mama, ana haki ya kuuliza. Katika vyuo na vilabu vya leo salamu ya wushu ni kusimama wima, ngumi ya mkono wa kulia ikakutana na kiganja cha kushoto mbele ya kifua, basi. Yapo mapokeo ya zamani ambayo mwalimu humpokea mwanafunzi mteule awe kama mtoto wa nyumbani mwake, na katika hafla hiyo mwanafunzi hupiga magoti na kumpa mwalimu chai, na pengine huinamia picha za walimu waliotangulia. Wengi wa wanaojifunza hawafikii daraja hiyo. Ukialikwa, sema mapema na kwa adabu kwamba dini yako haikuruhusu kumwinamia kiumbe, na atakayeudhika kwa hilo si mwalimu wako. Hukumu yenyewe kamuulize sheikh, mimi si mufti.

Mama umwambie pia kwamba ngumi za China zina mkono mkubwa wa Waislamu. Mtindo wa chaquan umelelewa na Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, na mara nyingi ulifunzwa katika nyua za misikiti. Bajiquan nayo ina kitovu chake Mengcun, wilaya ya Wahui karibu na Cangzhou. Wang Ziping, aliyezaliwa Cangzhou mwaka 1881 na kufariki mwaka 1973, alikuwa Mwislamu na mmoja wa mabingwa waliotajwa sana wa zama zake. Zhang Wenguang, Mhui mwengine, alikuwamo katika timu iliyoonyesha wushu Berlin wakati wa Olimpiki ya 1936, akaja kuwa profesa Beijing. Kuhusu chakula, vyuo vingi vikubwa vina mkahawa wa Waislamu, na karibu kila mji una duka la tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, zenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe, ambapo mlangoni pameandikwa alama ya halali kwa Kichina. Jifunze kuisoma alama hiyo kabla ya kitu chochote. Katika mikahawa mengine usidanganywe na sahani ya mboga tupu, kwani huenda imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

SWALI: Mimi ni msichana wa Mwanakwerekwe. Kaka zangu wanasema wushu si ya wanawake. Ni kweli? — Msomaji, Unguja

JIBU: Si kweli. Katika timu hiyo hiyo ya Berlin ya mwaka 1936 walikuwamo wanawake watatu, Zhai Lianyuan, Fu Shuyun na Liu Yuhua, na hivi leo mashindano yote makubwa ya wushu yana upande wa wanawake. Mchezo huu umeingizwa pia katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangwa kufanyika Dakar mwaka 2026. Tafuta kilabu chenye saa za wanawake peke yao, au mkusanyike wasichana kadhaa mkaombe zitengwe. Mavazi ya wushu ni mapana na hayazuii stara. Kaka zako waombe wakae mabu dakika tatu, kisha mjadala uendelee.

SWALI: Huku Mkoani nimewaona Wachina asubuhi wakifanya mazoezi ya polepole, mikono kama inasukuma maji. Je, huko ni kupigana au ni tiba? Mimi ni mzee wa magoti mabovu. Wanaweza kunifunza? — Mzee wa Mkoani, Pemba

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hiyo ni taijiquan, na asili yake ni kupigana. Mtindo mkongwe unaojulikana ni wa familia ya Chen ya kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan. Huo wa polepole uliouona huenda ukawa ule wa hatua 24, uliotungwa mwaka 1956 ili watu wa kawaida waweze kuufuata kwa ajili ya afya. Kwa magoti, usishuke chini sana, goti lisipite ncha ya kidole cha mguu, na kwanza muone daktari ajue limeharibika wapi. Ikiwa hao uliowaona ni wa timu ya madaktari wa Kichina katika Hospitali ya Abdulla Mzee, ujue kwamba madaktari wao wamekuwa wakija Zanzibar tangu miaka ya 1960, wakitoka zaidi mkoa wa Jiangsu, na kila timu mpya hufika ikiwa na Kiswahili kidogo sana. Nenda kawasabahi, simama nyuma yao uwafuate, na mkimaliza uwafunze namna wagonjwa wa Pemba wanavyoeleza maradhi yao: kizunguzungu, kichefuchefu, mbavu zinazochoma na tumbo linalokata.