Jaribio la saikolojia ya lugha kwa Kiswahili: anza na sentensi, si na kompyuta

Mwanafunzi wa isimu akishachagua saikolojia ya lugha, yaani jinsi akili inavyoelewa na kutumia lugha, kwa tasnifu yake, swali la kwanza huwa ni la programu ya kuendeshea jaribio. Pakua PsychoPy, ni ya bure na inatosha. Tasnifu nyingi huangushwa na orodha ya sentensi, kwa hiyo muda wako uweke huko.

Chukua jaribio la kusoma neno kwa neno. Mshiriki anabonyeza kitufe, neno linatokea. Akibonyeza tena, lile linafichwa na jingine linakuja. Kompyuta inapima milisekunde zilizotumika kwa kila neno. Tuseme unataka kujua kama msomaji hukwama upatanisho wa ngeli ukivunjwa. Unaandika "Kitabu cha hesabu kimeanguka" na "Kitabu cha hesabu imeanguka". Jozi hiyo inaonekana safi, lakini haifai.

Kwanza, "kimeanguka" ina herufi 10 na "imeanguka" ina 9. Neno refu huchukua muda zaidi, kwa hiyo hutajua umepima ngeli au urefu. Weka "limeanguka", urefu unakuwa sawa. Pili, sentensi inaishia palepale penye kosa. Kukwama kwa msomaji mara nyingi huchelewa, kukaonekana kwenye neno la kwanza au la pili baada ya kosa. Tena neno la mwisho husomwa polepole hata pasipo kosa. Ongeza maneno manne au matano, yaleyale kwa matoleo yote mawili: "…kimeanguka chini ya meza ya chakula".

Tatu ndiyo nzito: nani anasoma? Kwa kijana wa Nairobi, "kitabu imeanguka" ni Kiswahili cha kila siku. Huwezi kumwonyesha kitu anachokisema tangu utotoni, asishtuke, kisha ukaandika kwamba wasomaji hawajali ngeli. Aliyekulia Unguja au Tanga anaisikia tofauti kabisa. Ukichanganya makundi hayo bila kuandika nani katoka wapi, matokeo yatafutana. Hojaji fupi inatosha: amekulia wapi, nyumbani wanazungumza lugha gani, Kiswahili alikianza na umri gani, kila siku anakitumia wapi. Kisha wape watu 20 wa jamii ileile, ambao hawatashiriki jaribio lenyewe, wapime kila sentensi kuanzia 1 (haikubaliki kabisa) hadi 7 (ni sawa kabisa). Toleo "lililovunjwa" likipata 5, litoe.

Viumbe waache nje: kiboko, kijana na kiongozi wana ki- mbele lakini huchukua a- kwenye kitenzi, na hapo umeanzisha utafiti mwingine.

Idadi sasa. Tengeneza jozi 80 na uzigawe katika orodha mbili, kila orodha ikiwa na toleo moja tu la kila jozi, ili mtu asione kamwe matoleo mawili ya sentensi moja. Kila mshiriki anasoma 40 sahihi na 40 zilizovunjwa. Washiriki 40 watakupa vipimo 1,600 kwa kila aina, kiwango ambacho watafiti Marc Brysbaert na Michaël Stevens walikipendekeza mwaka 2018. Ongeza sentensi 80 za kujazia zisizo na kosa, la sivyo mshiriki atang'amua mchezo mapema. Baada ya baadhi ya sentensi weka swali la ndiyo au hapana, kwa sababu kuna watakaobonyeza tu wakiwaza chakula cha mchana.

Ukipendelea jaribio la kutambua neno, yaani mshiriki aamue kama alichokiona ni neno au si neno, maneno bandia yafuate silabi za Kiswahili, kisha kila moja lipitie kamusi. "Kitapo" linaonekana la kubuni, kumbe ni kutetemeka kwa baridi au homa.

Tumia kompyuta moja kwa washiriki wote, kwa kibodi ya waya, na uzime hali ya kuokoa betri. Skrini ya kawaida hujichora upya kila milisekunde 17 hivi. Ukibadilisha mashine katikati umejiongezea kelele, yaani tofauti za muda zisizotokana na msomaji.

Vigezo vya kutupa data viandike kabla hujaiona. Kwa mfano, muda ulio chini ya milisekunde 100 au zaidi ya 3,000 kwa neno unaondolewa. Katika uchambuzi usikokotoe wastani wa washiriki ukaishia hapo. Tangu mwaka 1973 mwanasaikolojia Herbert Clark alionyesha kwamba sentensi nazo ni sampuli, kama watu walivyo. Modeli mseto (mixed models) katika R, programu ya takwimu, kupitia kifurushi cha lme4, huhesabu tofauti za pande zote mbili, watu na sentensi, kwa pamoja.

Kibali cha maadili kiombe wakati bado unapima sentensi. Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania anza na ofisi ya utafiti ya chuo chako. Ambatisha orodha kamili ya sentensi, maana kamati ikikuta "sentensi zitaandaliwa baadaye" huwa inarudisha faili.