Vyombo vya kuvunjika, Kariakoo hadi Mbeya

Pole na mawazo, dada. Umeuliza seti ya sahani uliyonunua mtandaoni kutoka Kariakoo isafirishwe na nani ifike Mbeya ikiwa nzima. Mimi ningechagua basi ambalo karani wake anakubali kuandika kwenye risiti kilichomo na thamani yake; akikwepa, achana naye hata kama ni bei chee. Njia ni zaidi ya kilomita 800, kuna matuta ya Mikumi na kona za Kitonga. Sahani zangu zilivunjika kwa sababu zililazwa. Zisimamishwe kwa ubavu, kila moja na gazeti lake. Muuzaji atikise boksi: likilia, aongeze magazeti. Mzigo ukifika stendi ya Mbeya, ufungue mbele ya karani kabla hujasaini.