Hesabu sekunde kwanza: majibu kwa wenye kompyuta zinazojizima

Safari hii karibu maswali yote ni ya kompyuta za mezani zinazowaka na kuzimika hapohapo. Ombi langu moja: kabla hujaniandikia, bonyeza swichi uhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka izime. Hiyo hesabu inanisaidia kuliko kuniambia "imekufa".

Shikamoo fundi. Nina stesheneri Buhongwa. Nikiwasha, feni inageuka kidogo tu inazima, halafu inajaribu yenyewe tena. Nimeambiwa ninunue mazabodi, ile bodi kuu ya ndani.

Marahaba. Usinunue kitu bado. Inayozima ndani ya sekunde moja au mbili, mara nyingi pawa sapulai (lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) imechoka, au kuna shoti mahali na sapulai inajikinga. Chomoa waya ukutani, fungua ubavu, kisha toa kila kisicho cha lazima: diski, DVD, vyote vilivyochomekwa kwenye USB. Bakiza prosesa (ubongo wa kompyuta) na feni yake, na RAM (kijibao cha kumbukumbu) moja. Washa. Ikikaa, rudisha kimoja kimoja (ukichomoa waya kila mara) mpaka umnase mwenye kosa. Isipokaa, hakikisha ile plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa imeingia sawasawa, kisha azima sapulai ya modeli ileile. Nasema ileile kwa sababu mitumba mingi iliyotoka maofisini ina plagi za aina yake, haiingiliani na nyingine.

Tazama pia vile vikopo vidogo kwenye mazabodi, kapasita. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa ute wa kahawia, aliyekushauri alikuwa sahihi. Sapulai yenyewe usiifungue. Ndani hubaki umeme hata ukishachomoa waya.

Kompyuta ya shule yetu, Nansio, inakaa kama dakika moja inazima. Ikilala usiku kucha, asubuhi inakaa zaidi kidogo.

Mwalimu, hapo kwenye "ikilala" umeshajijibu: ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujizima ili isiungue, na ukiiwasha bado ya moto inazima mapema zaidi.

Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria joto lina sababu ambayo watu wa Dodoma hawaijui. Niliwahi kuletewa moja iliyokuwa inakaa chini ya dirisha, mita chache kutoka majini. Nilipong'oa feni sikukuta vumbi, nilikuta mkeka. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa, na usiku wanafuata taa. Wamefuata mwanga wa skrini, feni imewavuta, wamekufa na kushikana na vumbi katikati ya mapezi ya chuma cha kupozea. Nilibandua kwa mswaki, kipande kizima kikatoka na umbo la mapezi. Hewa ingepita wapi?

Fanya hivi: safisha kwa brashi na bloa, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Ng'oa chuma cha kupozea. Ukikuta pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma, imekauka kama chaki, ifute yote kwa spiriti, uweke mpya kiasi cha punje ya choroko, usiipake kama siagi. Kama chuma kinashikwa na vijiti vinne vya plastiki, vibonyeze kwa kupishana kona hadi kila kimoja kilie "ka". Kijiti kimoja kikiwa juu, chuma kinainama, na hapo haitafika hata hiyo dakika. Na kile kitambaa cha kufuma kinachofunikwa juu ya kompyuta ni kizuri sana, ila ikiwa imezimwa.

Saluni, Kirumba: inazima kila mara baada ya sekunde nne kamili. Nimebadilisha pawa sapulai, wapi!

Dada, pole kwa hela ya sapulai. Hukumbuki kuna soda ilimwagika hapo mbele? Kompyuta imetengenezwa hivi: ukishikilia swichi ya kuwashia kwa sekunde kama nne, inazima kwa lazima. Swichi ikinata kwa sukari au mafuta ya nywele, yenyewe inaona bado umeibonyeza. Umewasha, ikahesabu nne, ikazima. Ukitaka uhakika, chomoa kwenye mazabodi kale kawaya kembamba kanakotoka kwenye swichi, halafu gusisha zile pini mbili za mazabodi kalipokuwa kamechomekwa kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu, na uachie. Ikikaa, kilichokufa ni swichi. Isafishe au weka nyingine.

Igoma: inapiga milio mitatu kisha inazima.

Anza na RAM. Itoe, futa meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, irudishe hadi vishikio vijifunge. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo usiamini jedwali la kompyuta ya jirani.

Tarehe inarudi nyuma miaka mingi kila nikiwasha. Ndiyo sababu ya kuzima?

Karibu kila mara, hapana. Hiyo ni betri ndogo ya CR2032, ya volti 3. Badilisha, halafu endelea kumtafuta mkosaji mwingine.

Mwangaluka fundi! Niko Kisesa. Asubuhi inawaka vizuri, jioni inagoma: inawaka, inazima. Fundi akija mchana haoni kosa.

Mwangaluka! Fundi haoni kosa kwa sababu anakuja wakati ambao halipo. Jioni kila nyumba imewasha taa, pasi na jiko, umeme unapungua nguvu. Soma lebo ya sapulai yako. Ikiwa imeandikwa 200–240V, ikishushiwa chini ya 200 haina deni na wewe. Zipo zilizoandikwa 100–240V, hizo huvumilia zaidi. Stabilaiza nzuri inaweza kumaliza kazi, lakini usiinunue kwa kubahatisha. Mwambie fundi aje na mita yake saa moja jioni, apime hapohapo kwenye soketi unayotumia.