Kabla ya Kujibu Barua ya Kurudi Ofisini

Barua za kuwataka wafanyakazi warudi ofisini zimekuwa nyingi. Amazon ilitangaza mwezi Septemba 2024 kwamba wafanyakazi wake wa ofisini wangetakiwa kuripoti siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025, na hapa kwetu Dar es Salaam agizo la namna hiyo mara nyingi huja kwa aya moja tu, bila sababu na bila nafasi ya kujadiliana. Nimekuwa mhasibu kwa miaka mingi, nimeongoza kitengo cha uhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha, na nimefanya kazi hiyo nyumbani, ofisini, na kwa kugawanya wiki kati ya sehemu hizo mbili. Ushauri wangu kwa aliyepokea barua hiyo, na kwa anayeiandika, ni kwamba mjadala uanze na kazi zenyewe, moja baada ya nyingine, kabla ya mtu yeyote kutaja idadi ya siku.

Chukueni mfano wa kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha. Ni kazi ya mtu mmoja, kurasa za miamala upande huu na upande ule, na pengine tofauti ya shilingi elfu chache inayotafutwa asubuhi nzima. Ofisini mtu huja kuuliza kama malipo yake yameshapita, mwingine anataka stakabadhi, na kila unapoinua kichwa unapoteza mstari uliokuwa umeufikia. Kazi hiyo nimeifanya nyumbani kwa nusu ya muda, na kwa usahihi zaidi. Lakini siku chache kabla ya tarehe 20, tunapotayarisha ritani ya VAT, yaani taarifa ya mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani, mambo hugeuka kabisa. Nyaraka za forodha ziko mezani kwa mtu mmoja, risiti za EFD, zile za mashine za kodi, ziko mikononi mwa madereva, na hati za malipo zinasubiri saini ya mtu aliye njiani kuelekea bandarini. Swali ambalo likiulizwa mlangoni huisha kwa dakika moja, likiulizwa kwenye WhatsApp linaweza kuchukua nusu siku, kwa sababu anayejibu hajui ni ankara ipi unayoizungumzia mpaka umtumie picha yake, na picha yenyewe haisomeki.

Kwa wale walioajiriwa karibuni, nasema bila kusita: kaeni ofisini kwa miezi ya mwanzo, hata kama mmeruhusiwa kukaa nyumbani. Tuliwahi kuwa na mhasibu kijana, mwenye bidii na elimu nzuri, aliyeanza kazi wakati kitengo chote kilikuwa kimetawanyika. Alikuwa akilipa ankara za watoa huduma kwa kiasi kamili bila kukata kodi ya zuio ya asilimia 5, ile ambayo mlipaji huizuia kwenye malipo na kuipeleka serikalini, kwa sababu chuoni aliisoma kodi hiyo kwenye karatasi, na hakuwahi kukaa karibu na mtu anayeikata. Angekuwa ameketi mita mbili kutoka kwetu, mmoja wetu angeiona hati ya kwanza tu na kumwambia, “Mdogo wangu, hapa kuna kodi ya zuio.” Hakuna aliyekuwa karibu, na yeye hakuweza kuuliza jambo ambalo hakujua kwamba lipo. Sehemu kubwa ya ujuzi wa kazi hupatikana kwa kusikia wakubwa wanavyozungumza na mteja, wanavyokataa malipo yenye kasoro, na wanavyoandika barua ngumu kwa lugha ya heshima.

Utafiti unaotajwa sana katika mjadala huu ulisimamiwa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, katika kampuni ya usafiri ya Kichina iitwayo Ctrip, mjini Shanghai, kuanzia mwaka 2010. Wafanyakazi wa kituo cha simu waliojitolea kufanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki walizalisha kwa asilimia 13 zaidi, na waliacha kazi kwa kiwango cha nusu ya wenzao waliobaki ofisini. Wanaotetea kazi ya nyumbani huishia hapo. Yapo mambo mengine katika utafiti huohuo ambayo kwetu yana uzito zaidi. Waliokubaliwa kushiriki walipaswa kuwa wamefanya kazi katika kampuni hiyo kwa angalau miezi sita, na kuwa na chumba chao cha kufanyia kazi pamoja na intaneti ya uhakika. Jaribio lilipokwisha, wengi miongoni mwa walioomba wenyewe kukaa nyumbani walichagua kurudi ofisini, upweke ukiwa sababu kubwa. Tena, ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi. Utafiti mwingine wa Bloom na wenzake katika kampuni hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha wafanyakazi 1,612, ulionyesha kwamba siku mbili za nyumbani kwa wiki zilipunguza kuacha kazi kwa theluthi moja, bila kushusha tathmini za utendaji wala kupandishwa vyeo. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wanawake na kwa wanaoishi mbali na ofisi.

Sharti la kuwa na chumba, ndugu zangu, inafaa tulitafakari kwa uzito. Nyumba nyingi za jiji hili hazina chumba cha ziada, na mwenye chumba anaweza kukosa utulivu. Kwa jamaa na majirani, mtu aliyeko nyumbani mchana ni mtu aliye na nafasi. Nimeketi na kikokotoo mbele yangu, na sauti imeita dirishani, “Mama Neema, kwa vile upo tu nyumbani, naomba unipokelee mzigo wangu, bodaboda anakuja.” Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, ilimchukua muda kuelewa kwamba mlango uliofungwa haukuwa wa kumkwepa. Nilikaa naye, nikamweleza kazi yangu kwa utaratibu, nikamwonyesha saa ninayoanza na saa ninayomaliza, na tangu hapo amekuwa yeye wa kuwaambia wageni, “Mkwe wangu yuko kazini, msubirini mpaka saa kumi na moja.” Zungumzeni na watu wa nyumbani kabla ya kuzungumza na mwajiri, na mkae nao kitako.

Gharama nazo zijadiliwe wazi. Anayetoka Kimara kwenda Kivukoni kwa basi la mwendokasi, au anayetoka Mbagala, anajua muda ambao safari inamla kabla hajagusa kazi. Anayebaki nyumbani anajinunulia bando na umeme wa LUKU. Mwezi Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikadhoofika nchini, kampuni ambazo hazikuwa zimepanga chochote ziliwaacha wafanyakazi wao wakihangaika kila mtu kivyake.

Kwa hiyo daini maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, yakiwemo mahali pa kazi na saa za kazi, na yanapobadilika, ayarekebishe kwa kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Anayefanyia kazi ya ofisi nyumbani kwake hasomewi sheria nyingine. Bosi anayetuma ujumbe saa tatu usiku akitaka jedwali kabla ya kulala anaomba kazi ya ziada, na ni haki kumkumbusha jambo hilo kwa adabu. Ulizeni pia, kwa barua, mtu akiumia akiwa kazini nyumbani suala lake la fidia litashughulikiwaje, kwa maana swali hilo likiulizwa baada ya ajali huwa limechelewa.

Kwa viongozi wa vitengo nina ombi moja. Mkiwaita watu ofisini, waiteni siku moja wote, nanyi muwepo. Hakuna jambo linalovunja moyo kama mtu kushindana na foleni kwa muda wa saa mbili ili aketi peke yake kwenye meza, akiwa kwenye kikao cha mtandaoni na bosi aliye nyumbani kwake. Katika kitengo chetu tulikubaliana kukutana Jumatatu na Alhamisi, na wiki ya ritani kila mtu aripoti ofisini. Kazi za kulinganisha hesabu tuliziweka kwenye siku za nyumbani, na kila aliyekuwa nyumbani aliandika jioni, kwa mistari michache, amemaliza nini na amekwama wapi. Maelezo hayo ndiyo niliyoyabeba kwenye tathmini za mwisho wa mwaka, ili jina la aliyekuwa nyumbani kwake Goba au Kigamboni litajwe sawasawa na la yule aliyekuwa akionekana kwenye korido kila asubuhi.