Neno Moja Kubwa Mno: Ushauri kwa Anayetaka Kueleza Hali ya Hewa Kanda ya Ziwa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Ukerewe anayemalizia masomo ya fizikia chuoni. Aliandika: "Shikamoo mwalimu. Ninataka kuwaeleza watu wa kwetu habari za hali ya hewa na za sayansi kwa maneno wanayoyaelewa, lakini sijui nianzie wapi." Nilimwitikia marahaba, nikamjibu kwa mistari miwili, kisha usingizi ukanipaa, kwa sababu swali lake lilifukua jambo ambalo sijapata kuliandika popote. Nawe unayesoma hapa bila shaka unaitamani kazi hiyo hiyo, kwa hiyo nitalieleza lote.

Nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka 14 kabla ya kuanza kusoma habari za hali ya hewa katika redio moja ya hapa Mwanza. Jioni moja ya msimu wa vuli, miezi michache baada ya kimbunga Hidaya kuufikia ukanda wa pwani karibu na Mafia mwezi Mei 2024, mezani kwangu kulikuwa na taarifa ya kawaida ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo wengi tunaiita TMA. Lilikuwa angalizo, yaani onyo la ngazi ya chini, la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika baadhi ya maeneo ya Ziwa Victoria, uwezekano wa kutokea ukiwa wa wastani. Niliandika maelezo yangu kwa uangalifu. Mhariri aliyakata maneno ya uwezekano akisema yanamchosha msikilizaji, na juu yake akaweka kichwa kinachosema kimbunga kinakuja ziwani. Nilijua kuwa si kweli. Vimbunga vya aina ya Hidaya huzaliwa juu ya bahari yenye maji ya joto la nyuzi 26 hivi au zaidi, na huhitaji mzunguko wa dunia uvisokote. Karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu mno, na Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Nilikuwa nimelifundisha hilo darasani mara nyingi. Hata hivyo nilikisoma kichwa kile, kwa sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa niliogopa kuonekana mkaidi.

Asiyeishi na wavuvi wa dagaa hawezi kujua gharama ya usiku mmoja. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo mwezi unapokuwa mkubwa mitumbwi hupumzika na mapato yote hutafutwa katika siku za giza. Mwalo mmoja, yaani ufuko wanapoegesha mitumbwi wavuvi, ulioko upande wa Igombe ulikaa nchi kavu usiku mbili za giza kwa ajili ya kimbunga changu, na ziwa likatulia kama maji ya mtungini. Siku ya nne TMA ilitoa angalizo jingine, nami safari hii nikalisoma kama lilivyoandikwa. Mitumbwi ilitoka. Saa nane usiku upepo ulishuka na mitumbwi miwili ikapinduka. Hakuna aliyefariki, lakini vijana saba waling'ang'ania mbao hadi kulipokucha, na nyavu na taa zote zikazama. Mmoja wa vijana hao nilimfundisha kidato cha pili.

Nilipokwenda kuwapa pole, nilidhani wataniambia kwamba hawakuniamini tena. Mzee mwenye mtumbwi mmojawapo alinieleza jambo zito kuliko hilo. "Mwalimu, tulikuamini. Ile ya kwanza uliiita kimbunga, na hatukuona kitu. Hii ya pili uliiita angalizo tu, tukajua ni ndogo kuliko ile ambayo haikuwa kitu." Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi, nasi tulikuwa tumepanda juu kuliko ngazi yenyewe, tukaliacha neno la kweli likiwa halina uzito siku lilipohitajika.

Niliomba dakika mbili hewani ili nisahihishe. Nilikataliwa kwa maelezo kwamba kituo kikikiri kosa kitapoteza wasikilizaji. Sitakitaja kituo hicho, lakini siwezi kudai kwamba kidonda kimepona, kwa kuwa vijana wale walistahili kusikia kutoka kwetu kwamba tulikosea. Niliondoka baada ya miezi michache.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usibadilishe neno la onyo. Kutoa tahadhari ni jukumu la TMA kisheria. Kazi yako ni kufafanua, na kufafanua hakukupi ruhusa ya kukuza. Ndivyo ilivyo pia kwa neno elnino, ambalo huku kwetu limekuwa jina la kila mvua inayojaza mitaro. El Niño ni kupashwa joto kupita kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki upande wa kati na mashariki, karibu na ikweta, hali ambayo mara nyingi huongeza mvua zetu za vuli, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 2023. Ukimwambia mtu kwamba mvua ya jana ni elnino, hujamweleza chochote.

Ushauri wa pili niliupata mwaloni, na naona fahari kuueleza. Nilirudi pale kila wiki, nikakaa na wavuvi juu ya mchanga ambapo akina mama huanika dagaa. Mzee yule aliniuliza kwa nini dhoruba za ziwani hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, ilhali za nchi kavu huja alasiri. Nilimwomba akumbuke mchanga ule: mchana unaunguza nyayo, usiku ni wa baridi, na maji ya ziwa usiku huo huo yana uvuguvugu. Mchana hewa huinuka juu ya nchi kavu na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi hutiririka kutoka pande zote za ufuko, hukutana katikati ya ziwa, na kuisukuma juu hewa yenye unyevu, ambayo hujenga mawingu ya radi. Mvua inapoanza kuanguka huporomosha pamoja nayo hewa baridi, nayo ikigonga maji husambaa pande zote kama dagaa wa gunia lililodondoshwa kutoka juu ya lori. Upepo huo hutangulia mvua.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo ile baridi inayokupiga usoni kabla ya tone la kwanza. Ukiisikia, umechelewa." Hakuna kitabu nilichosoma kilichoniambia hivyo kwa maneno machache kiasi hicho, na tangu siku hiyo maelezo yangu yote huyajaribu kwanza mbele ya watu wa mwaloni. Nenda mwaloni. Ukishamaliza kuandika, nenda tena.

Sasa kila siku ya giza, saa kumi jioni kabla mitumbwi haijatoka, nawatumia wavuvi wa mialo mitatu ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu. Nataja neno la TMA kama lilivyo, uwezekano wake, saa na upande wa ziwa unaohusika. Asubuhi natuma mwingine kueleza kilichotokea, hasa pale ambapo utabiri haukutimia, nami husema wazi kwamba uwezekano wa wastani una maana kwamba kuna usiku utakaopita salama. Yeyote anayeona haya kuutuma ujumbe huo wa asubuhi asiianze kazi hii, kwa maana anaowazungumzia wako majini.

Binti wa Ukerewe amenitumia maelezo yake ya kwanza jana. Yalikuwa mazuri, isipokuwa aliandika kwamba upepo unatarajiwa "usiku". Nilimuuliza ni usiku saa ngapi, na saa hiyo wavuvi wa kwao wanakuwa wapi. Jioni akajibu kwamba amempigia mjomba wake aliyeko Ukara kumuuliza wanatupa nyavu saa ngapi, na kwamba mjomba alizungumza hadi salio likaisha.