Mkanda wa taiming wa Ferrari F355, nyumbani?

Umeuliza kama mkanda wa taiming wa F355 (ule unaofanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio) unaweza kubadilishwa nyumbani. Unaweza, ila injini inashushwa yote pamoja na giaboksi na fremu ya nyuma, kwa hiyo bila lifti ya maana usijaribu. Jeki za kawaida hapo ni kujitafutia balaa. Na usihesabu kilomita tu: gari likikaa tu bandani, mkanda unazeeka vilevile, na ukikatika vali zinagonga pistoni. Injini ikiwa chini, badilisha na tensiona (kinachokaza mkanda), kagua pampu ya maji na mipira yote ya rejeta, la sivyo utaishusha tena. Eksozi ya kelele (najua ndiyo unayoitaka) isubiri. Ukichoshwa na mikanda, Ferrari F430 iliyotoka 2004 inatumia cheni badala ya mkanda.